Barua ya wazi kwa wenye funguo za majengo ya zamani: tuiteni kabla ramani haijachorwa

Waheshimiwa,

Nyie mnaosimamia mipango miji, nyie wa mambo ya kale, nyie mnaogonga mihuri ya vibali vya ujenzi na nyie wawekezaji mnaokuja na ramani mkononi, nawasalimu wote kwa pamoja maana hii ishu inawagusa wote, na kila tukienda kwa mmoja anatuelekeza kwa mwenzake.

Mimi ni jirani tu, sina cheo. Dirisha langu la sebuleni linatazamana na jengo la zamani ambalo kwenye mafaili yenu limeandikwa jengo chakavu, sisi huku tunaliita posta mpaka leo ingawa barua ya mwisho ilitoka pale kabla wengi wa vijana wetu hawajazaliwa. Baada ya posta likawa ghala, baada ya ghala likawa ofisi, baada ya ofisi likapigwa kufuli, na hilo kufuli sasa limeshika kutu mpaka sijui kama ufunguo utaingia. Sitaji jina la mji wala la jengo, kwanza sina ugomvi na mtu mmoja, pili kila nikiongea na mtu wa mji mwingine ananiambia hata kwetu lipo, la huyu ni stesheni, la yule ni shule, la mwingine ni soko au nyumba ya tajiri wa zamani ambaye ukoo wake umetawanyika. Kwa hiyo kila anayesoma aliwazie la kwao.

Kilichonifanya niandike ni karatasi mbili.

Ya kwanza tuliikuta imebandikwa langoni asubuhi moja, nusu yake imelowa, inasema kuna mradi wa kuliendeleza jengo na mwenye maoni ayapeleke kwa maandishi ndani ya siku 14, sasa ukiangalia tarehe iliyoandikwa juu unakuta siku 9 zimeshapita. Tukaitana, tukapiga simu huku na kule, tukaambiwa kuna kikao cha wananchi wiki inayofuata, na kwa kweli tulifurahi. Tulivyofika ukumbini ramani zote zilikuwa tayari zipo ukutani, zina rangi, zina miti, zina magari yamepaki, mbele umebaki ukuta wa posta peke yake na nyuma yake limepanda jengo la vioo la ghorofa 8. Mlangoni tulipewa karatasi tuandike jina, namba ya simu na sahihi. Mzee mmoja aliyefanya kazi mle ndani ujana wake akasimama akauliza maji ya mvua yataelekezwa wapi, akajibiwa hayo ni ya hatua ya utekelezaji. Mama mmoja akauliza waliopanga vile vyumba vya uani wataenda wapi, akaambiwa maoni yake yamepokelewa. Basi tukarudi nyumbani.

Karatasi ya pili ndiyo iliyoniumiza. Baada ya muda tukaja kuiona ripoti ya mradi, na mwishoni kabisa zimeambatishwa zile sahihi zetu za mlangoni, juu yake kuna kichwa cha habari kinachosema wananchi wameshirikishwa na wameuridhia mradi. Nikaitafuta yangu nikaiona, ni yangu kabisa, imepinda kwa sababu niliandika nimesimama huku nimeegemeza karatasi kwenye mlango. Jamani, sijaridhia kitu chochote. Niliandika jina langu ili mjue nimekuja.

Naomba tuanzie hapo hapo kwenye hilo neno kushirikishwa, maana ndilo linalotugombanisha. Mwaka 1969 Mmarekani mmoja, Sherry Arnstein, ambaye alikuwa amefanya kazi kwenye miradi ya miji ya serikali yao, aliandika makala akaufananisha ushiriki wa wananchi na ngazi yenye vipandio 8. Vile viwili vya chini kabisa ni pale watu wanapokusanywa ili waelekezwe cha kukubali, au wapozwe hasira, hapo hakuna ushiriki wowote. Vitatu vya katikati ni kupewa taarifa, kuulizwa maoni, na kutulizwa kwa viti viwili vitatu kwenye kamati, yaani unasikika sawa lakini hakuna kinachomlazimisha mwenye kalamu abadilishe hata mstari mmoja. Vya juu ndio kuna ubia, kukabidhiwa sehemu ya mamlaka, na mwisho wananchi kusimamia wenyewe. Sisi hatujaja kudai kipandio cha 8. Tunataka mtuambie ukweli tumesimama cha ngapi, maana kile kikao kilikuwa cha kupewa taarifa, kwenye ripoti kimeandikwa kama vile tulikaa meza moja tukakubaliana.

Na ishu kubwa kuliko zote ni muda. Mnatuita mkiwa mmeshamaliza. Kuna mkataba wa Aarhus wa mwaka 1998 ambao nchi nyingi za Ulaya zimeuridhia, unahusu mazingira, na ndani yake kuna kipengele kinachosema umma ushirikishwe mapema, wakati njia zote bado ziko wazi. Nimekisoma mara nyingi hicho kipengele. Njia zote bado ziko wazi, maana yake ni kabla msanifu hajalipwa kuchora ghorofa 8, kwa sababu msanifu akishalipwa na benki ikishaonyeshwa hesabu za ghorofa 8, hata mkitusikiliza kwa moyo mweupe hamwezi tena kushuka kwenye 3, hesabu zitawakatalia, na hapo ndipo maoni yanapobaki kuwa ya kupokelewa tu. Mtu mzima anajua tofauti ya kuulizwa tufanyeje na kuulizwa umeionaje.

Mwekezaji naye asidhani kuturuka kunamfaidisha. Lamu, mwaka 2019, mahakama maalumu ya mazingira ya Kenya ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, na sababu kubwa mojawapo ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mradi ulikuwa mkubwa sana, leseni ilikuwa imeshatoka, michoro ipo, lakini shughuli ikasimama. Ule haukuwa mradi wa jengo la kale najua, ila somo la kikao kilichofanyika ilimradi tu kionekane kimefanyika ni lile lile.

Sasa niwarudishe kwenye swali la yule mzee, la maji, kwa sababu mlilipita haraka na mimi naamini ndilo lilikuwa swali la maana kuliko yote siku ile.

Zamani ukitaka kuingia posta ulipanda ngazi tatu kutoka barabarani. Leo ngazi ya kwanza haipo, imefukiwa, ya pili imebaki nusu. Kila barabara ilipokarabatiwa lami mpya ilimwagwa juu ya ile ya zamani bila kukwanguliwa, barabara ikawa inapanda na jengo limebaki palepale, na mfereji uliokuwa unapita kando ukafunikwa kwa zege wakati wa kutengeneza sehemu ya kupaki magari. Kwa hiyo mvua ikinyesha maji hayana pa kwenda yanasimama kwenye msingi, mimi nayaona kwa macho yangu kutoka dirishani, yanakaa siku mbili tatu ndio yanakauka.

Ukuta ule ni wa mawe na chokaa. Chini yake hakuna ile nailoni inayowekwa kwenye misingi ya siku hizi kuzuia unyevu usipande, waliojenga walijua utanyonya maji kidogo na wakauacha upumue, maana chokaa inapitisha mvuke, ukuta unalowa unakauka unalowa unakauka miaka yote na haudhuriki. Halafu enzi za ghala akaja mtu akaupiga plasta ya simenti kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno, nina hakika kwa nia njema kabisa, alitaka kuzuia unyevu. Simenti ni nzito kwa mvuke, maji yaliyokuwa ndani ya ukuta yakakosa pa kutokea yakapanda mpaka yakavuka pale plasta inapoishia, na leo ukisimama kwenye ile veranda utaona mstari mweupe wa chumvi umekwenda ukuta mzima, usawa wa bega langu, ukiupitishia kidole unapukutika kama unga. Maji yakikauka chumvi inabaki inajijenga ndani ya vitundu vidogo vya jiwe, inasukuma, na jiwe linabanduka ganda baada ya ganda. Mtaalamu yeyote wa majengo ya kale atawaambia hivi hivi, hii sio siri. Ila ripoti yenu imeandika tu kwamba kuta zimechoka na haziwezi kutegemewa, haikutaja lami, haikutaja mfereji wala simenti, kwa sababu aliyeandika alikuja mara moja, jua linawaka, pamekauka.

Yule mzee anajua mfereji ulipita wapi. Angeulizwa mwanzoni mwa kazi, pengine ripoti nzima ingeandikwa tofauti, maana ukuta wenye ugonjwa wa maji unatibika, unabandua ile simenti, unaurudishia chokaa, unaupa maji njia ya kuondokea, unasubiri ukauke taratibu. Haya mambo yanachukua muda lakini sio miujiza.

Na juu kuna gata. Kona ya kulia ukiwa umelitazama jengo. Niliona siku mche ulipotokeza pale, una majani mawili tu, nadhani ndege aliacha mbegu kwenye taka za gata, nikasema moyoni ni kamche tu, na najilaumu kwamba sikusema kwa sauti. Sasa lile ni shina nene kama mkono wangu, mizizi imeingia katikati ya mawe inayapanua, na gata lote limeziba, maji yote ya upande ule wa paa yanamwagika ukutani, yanashuka mpaka pale boriti za sakafu ya juu zinapoingia kwenye ukuta. Boriti inaoza pale pale kichwani, ndani ya ukuta, ambako huoni, ukiitazama katikati ya chumba unaona mbao nzima kabisa inaweza kubeba lori, kumbe imebaki imeshikilia kipande kidogo tu. Ndio maana sakafu za majengo ya hivi huwa zinashuka ghafla na watu wanasema mbona jana lilikuwa zima.

Kuzibua gata ni kazi ya fundi mmoja mwenye ngazi, nusu siku imeisha. Kuna miaka mingi imepita ambayo hiyo nusu siku ilikuwepo kila mwaka na hakuna aliyeitoa. Kwa hiyo mnaposema jengo limechakaa kwa sababu ya umri mimi nakataa, kuna maamuzi yalifanyika, kila mwaka mtu alikaa mahali akaamua hapana, mwaka huu pia hapana. Wamarekani wana hata msemo wa hii hali, wanaiita kubomoa kwa kutelekeza, mwenye jengo analiacha livuje mpaka linakuwa hatari, halafu anaomba kibali cha kulibomoa kwa ajili ya usalama wa wananchi. Sisemi kwamba hapa ilipangwa hivyo, sina ushahidi na sitamsingizia mtu. Nasema tu kwamba ukuta haujui kama ulitelekezwa kwa makusudi au kwa kusahauliwa.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka pale Mji Mkongwe, Zanzibar, na watu wawili wakafariki. Lile ni jengo la Sultan Barghash la mwaka 1883, linajulikana Afrika Mashariki nzima, lipo ndani ya eneo lililoingizwa kwenye urithi wa dunia na UNESCO tangu mwaka 2000, na siku linaanguka lilikuwa kwenye ukarabati, yaani pesa zilishapatikana, mafundi walishaingia. Hata hivyo likaanguka. Sasa hili letu ambalo hakuna aliyewahi kuliweka kwenye kalenda, na watoto wanacheza mpira chini ya ile kona ya kulia kila jioni, mnalisubirisha nini? Mahali pengine hata nguzo za muda za kuegemeza ukuta zingetosha kwa sasa, na uzio wa kuwaweka watoto mbali. Hivyo havihitaji mwekezaji.

Nisieleweke vibaya, hatupingi maendeleo. Jengo likikaa bila kazi linakufa, hilo hata ule mwongozo wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi dunia nzima wanaufuata, unalisema, kwamba kulitumia jengo kwa jambo lenye faida kwa jamii kunasaidia kulihifadhi, ilimradi matumizi yasibadilishe mpangilio wala mapambo yake. Tunataka taa ziwake mle ndani. Mtaani penyewe hatuna sauti moja, nawaambia ukweli, kuna vijana waliniambia mzee acha wabomoe, angalau tutapata kazi za ujenzi, na kuna dada mmoja mwenye watoto wadogo alisema yeye lile jengo linamtia hofu tu usiku na hata likiondoka kesho hatalia. Wote hao wanastahili kusikilizwa sawa na mimi ninayelipenda. Ninachokataa ni kuitwa mpinga maendeleo kwa sababu nimeuliza maswali, wakati ninyi mmetuonyesha picha moja tu na hakuna ya pili ya kulinganisha.

Hiyo picha yenyewe niiseme kidogo. Ukuta wa mbele ushikiliwe na vyuma, nyuma pote papigwe chini, halafu lijengwe jipya livae ule ukuta kama barakoa. Mtasema mmehifadhi. Lakini ngazi ya mbao ya ndani inakwenda, dari linakwenda, ua wenye kivuli unakwenda, na lile jiwe la kizingiti ambalo limelika katikati kwa miguu ya watu waliopanga foleni ya barua miaka yote ile, ukiweka mguu wako unaingia kwenye kibonde kama umepimiwa, nalo linakwenda kwa sababu ramani inataka paking chini ya ardhi. Na tusisahau kwamba mawe yale yalishachongwa na chokaa ilishachomwa siku nyingi, kubomoa na kumwaga zege upya sio bure kwa dunia hii, utengenezaji wa simenti peke yake unakadiriwa kutoa karibu asilimia 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu.

Mtaniuliza sasa wananchi wa kawaida wanaweza nini. Naomba mnivumilie niwape mfano mmoja kwa kirefu, kwa sababu mimi mwenyewe nilipousoma nililala saa nane.

London, kando ya mto Thames, kuna jengo lenye mnara linaitwa Oxo. Mwanzo lilikuwa la kuzalisha umeme kwa ajili ya posta, ndio, posta kama letu, halafu mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya nyama iliyokuwa inatengeneza vipande vya mchuzi vya Oxo ikalichukua ikalijenga upya, wakaweka mnara wenye madirisha yaliyokaa umbo la duara, msalaba, duara, ili jina lisomeke bila kuweka bango maana mabango yalikatazwa. Kufika miaka ya 1970 limebaki gofu. Eneo lote la jirani linaloitwa Coin Street lilikuwa limepungua watu, shule zinafungwa, maduka yanafungwa, na wawekezaji wakaja na mpango wa maofisi makubwa. Wakazi wakakaa wakaandaa mpango wao wenyewe, sio mabango ya kupinga tu, mpango kabisa wenye nyumba, bustani na sehemu za kazi, wakaenda nao kwenye uchunguzi wa hadhara sio mara moja, mara mbili. Miaka ikapita. Mwaka 1984 wawekezaji wakajitoa, mamlaka ya jiji ikanunua eneo na kuwauzia wakazi ekari 13 kwa pauni milioni 1, bei ikiwa ndogo kwa sababu ardhi ilifungwa kwa masharti kwamba itumike kwa yale ya kijamii waliyoyapanga, huwezi kugeuka kesho ukajenga maofisi. Wakajenga nyumba za ushirika. Na ule mnara ukafanyiwa kazi ukafunguliwa tena miaka ya 1990, chini kuna karakana na maduka ya wabunifu, juu kabisa pakawekwa mgahawa wa kuingiza kipato, na katikati kuna nyumba 78 za ushirika wanakaa watu wa kipato cha kawaida, dirishani kwao ni mto.

Sisemi tufanye kama London, kila mji una sheria zake na mfuko wake. Nasema angalieni mpangilio wa mambo. Mpango wa wakazi ulikuwepo mezani wakati njia bado ziko wazi, na ukachunguzwa kwa uzito ule ule waliochunguziwa wawekezaji. Sisi hatujawahi kupewa nafasi ya kuleta mpango, tumepewa mistari mitano chini ya fomu.

Na lile swali la mama kuhusu wapangaji wa uani, nalo lina majibu kwingine. Bologna, Italia, mwanzoni mwa miaka ya 1970 walichukua pesa za nyumba za umma ambazo kawaida zingekwenda kujenga nje ya mji wakazitumia kukarabati nyumba kongwe za katikati ya mji, na lengo lao walilitamka wazi, kwamba mtaa wa zamani ni pamoja na watu wanaokaa pale, ukikarabati kuta ukaondoa watu hujahifadhi mtaa. Sio kila kitu kilienda walivyotaka, lakini walilisema mwanzoni na likaingia kwenye mpango. Kwetu mpangaji hakuhesabiwa hata kama mkazi, ile barua ya mwaliko ilipelekwa kwa wenye hati za nyumba tu. Fundi viatu amekaa kwenye veranda ya posta muda mrefu kuliko jirani yeyote mwenye hati, anajua kila ufa, anajua tone la kwanza linadondokea wapi, hakuitwa.

Kwa hiyo tunachoomba. Ile ripoti irudishwe, na kile kichwa cha habari kiondolewe juu ya sahihi zetu, na kuanzia sasa karatasi ya mahudhurio iandikwe ni ya mahudhurio, mwenye kuridhia asaini kwingine akijua anachosaini. Apatikane injinia anayejua kuta za mawe na chokaa, asiwe analipwa na anayetaka kubomoa, alikague jengo wakati wa mvua, na alichokiona kiandikwe kwa lugha tunayoisoma sote, sio kurasa mia mbili za kitaalamu zinazokaa ofisini kuanzia saa nne mpaka saa sita. Zije picha zaidi ya moja mezani, iwepo ya kukarabati lote, iwepo ya kukarabati na kuongeza kidogo nyuma, iwepo na hiyo ya ghorofa 8 kama mnaipenda, na kila moja iandikwe nani ataishi pale, nani ataondoka, na akirudi atarudi kwa kodi gani. Vikao viwe jioni watu wakishatoka kazini, na mama mwenye mtoto mgongoni apate pa kukaa. Na baada ya kikao tuandikiwe, hoja hii tumeikubali tumebadilisha hapa, hoja hii tumeikataa kwa sababu hii. Kukataliwa huku tumepewa sababu tutakuvumilia, mimi binafsi naweza kukubali hata uamuzi nisioupenda nikionyeshwa ulivyofikiwa, na naamini majirani zangu wengi wako hivyo hivyo.

Kwa mwekezaji nina neno moja. Ndugu, hatukuchukii, pesa yako tunaihitaji kwenye hizo kuta. Ukija ukakaa na sisi kwenye veranda mara tatu kabla ya kumlipa mchoraji utajua vitu ambavyo hakuna mshauri atakuuzia, na utakuwa na mtaa mzima unaokulinda badala ya mtaa unaokuvizia mahakamani.

Hayo mengine yanahitaji vikao na bajeti, naelewa. Lakini lipo moja halihitaji. Mvua zinakaribia na lile gata bado limeziba. Tunaomba aje mtu mwenye ufunguo, siku moja tu, pamoja na injinia, sisi tutaleta ngazi, mafundi wawili wa paa wameshasema watajitolea mradi mwenye jengo aruhusu, ule mti ukatwe kwa utaratibu usije ukang'oa mawe, na maji yapate njia msimu huu. Siku hiyo hiyo yule mzee atawaonyesha mfereji ulipopita, anakumbuka mpaka mfuniko wake ulivyokuwa. Magoti yanamsumbua siku hizi, hizo ngazi moja na nusu zilizobaki anapanda kwa kushika ukuta, na ule ukuta sasa unamwachia unga mweupe kiganjani, kwa hiyo naomba isiwe mwaka ujao.

Jirani yenu,
dirisha la ng'ambo ya barabara